Deni la Mwonjaji

Kula ni haja ya mwili, na kuonja ni haja ya akili. Mwenye njaa hula ili aishi. Mwonjaji huonja ili ajue. Tofauti hiyo ni ndogo kinywani, lakini ni kubwa katika mambo ya watu. Aliyekula chakula cha mwenziwe akashiba hawezi kusema hana jambo naye, maana shibe ni shahidi anayekaa ndani ya mwili wa mshitakiwa mwenyewe. Aliyeonja tu anaweza kujifuta midomo, akashukuru, akaenda zake kama mtu aliyetazama picha ukutani. Basi swali lastahili kuulizwa: mtu anayeonja chakula cha watu wengine, ilhali amekwisha kulipa bei yake yote, je, anadaiwa kitu kingine zaidi ya bei hiyo?

Swali hili halikuzuliwa kwa ajili ya kujaza kurasa. Katika mji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, linatembea njiani kwa miguu. Mgeni aliyefikia Soweto, mtaa wa mji huo wenye jina moja na mji mashuhuri wa Afrika ya Kusini, huweza kuchukuliwa asubuhi na kiongozi, akatembezwa katika Soko Kuu au katika soko la Mbuyuni, na kuonjeshwa vyakula vya nchi kimoja baada ya kingine. Aghalabu mgeni huyo amekuja kwa ajili ya mlima, ambao sehemu zake za juu zilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973. Amepata siku moja ya kupumzika kabla ya kupanda au baada ya kushuka, naye hataki siku hiyo ipotee bure. Hulipa fedha kwa mkupuo mmoja mwanzo wa safari, na tangu hapo mfuko wake hufungwa na kinywa chake hufunguliwa.

Anayoyaona huko sokoni ni mengi. Huoneshwa kwamba neno ndizi, ambalo kwao lina maana moja, kwenye mlima huu ni ukoo mzima: mshare wa kupikwa, mzuzu wa kuchomwa au kukaangwa, kisukari na kimalindi vya kuliwa vikiwa vimeiva. Huoneshwa ulezi, maharage, magimbi, maparachichi, dagaa waliokauka, na kahawa ambayo imefanya jina la mji huu lijulikane mbali. Huketishwa kwa mama lishe akapewa mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama iliyopondwa ikawa laini, na huenda akaonjeshwa kiburu, ambacho ni ndizi na maharage. Mwisho huletewa mbege, akaelezwa namna inavyotengenezwa. Kila mahali hunywa funda moja, hula kijiko kimoja, kisha husimama na kuendelea mbele.

Hapana ubaya katika jambo hili kwa kulitazama kwa juu. Walakini, ili haki ya mwonjaji na wajibu wake vijulikane, ni sharti kwanza ijulikane kuonja kulikuwa na kazi gani kabla ya kuwa biashara ya peke yake.

Sokoni kuonja ni desturi ya zamani. Mwuza machungwa hukata kipande akampa mnunuzi anayesitasita. Mwuza karanga humruhusu mtu kuchukua mbili tatu. Mwuza asali humchovyea kidole. Kipande hicho hakina bei, lakini si bure. Ni neno la mwuzaji lililotiwa katika chakula: anasema kwamba kilichobaki ni kama hiki. Naye anayekipokea amekubali kuingia katika mazungumzo. Anaweza kununua, anaweza kukataa, lakini hawezi kuondoka bila kusema lolote. Anayezunguka soko zima akionja kila chungwa bila kununua hata moja, watoto wa sokoni humpa jina, na jina hilo si la sifa.

Nyumbani kuna kuonja kwa namna nyingine. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi ulioota, na gome la msesewe huipa uchungu wake; ni kazi ya siku kadhaa, yenye moto mwingi na subira nyingi zaidi. Kwa desturi ya Wachaga, mwenye kutoa kata ya pombe hunywa kwanza funda moja mbele ya mgeni, ndipo akampa. Funda lile si la tamaa. Ni dhamana. Mwenyeji anaweka maisha yake mwenyewe kati ya mgeni na sumu, ili mgeni anywe bila hofu. Hapa anayeonja ni mwenye chakula, na anaonja kwa ajili ya mwingine.

Desturi hizi mbili hazifanani, lakini zina shina moja. Katika kila moja kuonja ni mlango. Sokoni ni mlango wa kununua, nyumbani ni mlango wa kuaminiana. Hakuna aliyejenga mlango ili watu waje kusimama kizingitini, watazame ndani, kisha warudi walikotoka. Matembezi ya kuonja yameleta jambo la tatu: kuonja kusikofuatwa na ununuzi wala urafiki, bali na kuonja kwingine. Mlango umefuatwa na mlango, na nyumba haikuingiwa.

Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba jambo lenyewe ni baya kwa asili. Hoja yao ni kwamba ukarimu ukipewa bei umekufa, kama vile ushahidi ukipewa bei unavyokufa. Wazee, wanasema, waliusia kuwa mgeni aje, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje, mwenyeji alipwe. Wako pia wanaojibu kwamba soko ni soko. Mama lishe ana watoto wa kusomesha na kodi ya kulipa. Bakuli lake limenunuliwa. Kama mlaji amelimaliza au amelimwaga, si shauri lake tena. Huzuni juu ya desturi, wanasema hawa, ni anasa ya watu walioshiba.

Pande zote mbili zimeshika kipande cha kweli na kukiita kweli nzima. Wa kwanza wanasahau kwamba mlima huu haukupata kuishi nje ya biashara. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilinunua chakula katika nchi hizi kabla ya kuendelea bara, na masoko ya Wachaga, yaliyokuwa mikononi mwa wanawake, ni ya zamani kuliko reli iliyofika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911. Wala bei na ukarimu havikuwa maadui daima. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza kwamba jahazi lilipotia nanga vijana waliliendea kwa mashua, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana aliweka sahani mbele ya mfanyabiashara mmoja na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakufikia ila kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji alimwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia bila mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Msafiri huyo huyo ametaja vyakula alivyopewa, na kimoja kilikuwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ambazo mtu wa Kilimanjaro hangezistaajabia. Huko fedha zilikuwapo, tena nyingi. Lakini chakula kilitangulia fedha, na aliyepokea sahani alikuwa na mtu wa kumjibia, naye akawa na mtu wa kumjibu.

Wa pili wanasahau jambo lingine. Ni kweli kwamba bakuli limenunuliwa. Lakini aliyenunua bakuli amenunua ndizi, nyama, kuni na kazi ya asubuhi. Hakununua ruhusa ya kumfanya mpishi kuwa kitu cha kutazamwa. Ruhusa hiyo haina bei, si kwa kuwa ni ghali mno, bali kwa kuwa mwenye kuiuza angekuwa amejiuza mwenyewe.

Yamkini ataulizwa mtu: je, kuonja bila kula si kazi ya halali katika mji huu huu? Naam, ni halali, na Moshi ina mfano ulio bora. Kahawa ya Kilimanjaro ilipandwa kwanza na wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikashika mahali pake. Kwa miaka mingi kahawa ya nchi imepigwa mnada mjini Moshi, na kabla ya mnada kuna waonjaji wanaosimama mbele ya safu ya vikombe. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huvuta kahawa kwa mlio, huizungusha kinywani, kisha huitema. Hamezi hata tone. Kwa sura ya nje hakuna mwonjaji mwenye dharau kuliko huyu: anatema jasho la mkulima mbele ya watu. Hata hivyo hapana mkulima anayemlaumu kwa kutema. Humlaumu akikosea. Ulimi wake una neno la kusema baadaye, na neno hilo huandikwa, huwa daraja ya kahawa na bei yake. Likiwa la uongo, mkulima huumia na jina la mwonjaji huharibika. Basi kisichofaa si uchache wa kilichomezwa. Mtu anaweza kutema kwa heshima na anaweza kumeza kwa dharau. Kinachotenga heshima na dharau ni kama ulimi ulioonja uko tayari kujibu.

Msomaji na achukue mfano, ambao ni wa kufikirika ingawa unaweza kutokea siku yoyote. Kiongozi kijana amemleta mgeni kwa mama lishe. Mama ametia mtori katika bakuli lililooshwa kwa mara ya pili kwa heshima ya mgeni. Mgeni amekula kijiko kimoja, amesita, amelisogeza bakuli mbele, ametabasamu. Mama anamwuliza kiongozi:

“Mwanangu, mgeni wako ameacha chakula. Kimemshinda, au nimekosea mimi?”

“Hapana, mama, ameshiba tu,” anajibu kijana.

Mgeni, aliyeona midomo ikisema, anataka kujua mama amesemaje. Kijana anamgeukia na kumwambia kwa lugha yake kwamba mama anamkaribisha tena. Mgeni anafurahi, anashukuru kwa mkono kifuani, wanaondoka. Kila mmoja ameridhika, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kweli.

Ili uzito wa swali la mama ujulikane, yafaa ikumbukwe mtori ni chakula cha namna gani. Mlimani hupewa mwanamke aliyejifungua, ili apate nguvu na maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Mama lishe huyo, kama amezaa, ameunywa katika siku za udhaifu wake kutoka mkononi mwa mama mkwe au shangazi. Na kama ana binti, amempikia au anangoja kumpikia. Kwa mgeni bakuli lile ni jambo la nne katika orodha ya mambo tisa ya asubuhi. Kwa mpishi ni chakula ambacho watu wake huanzia maisha. Anapouliza kama amekosea, haulizi juu ya chumvi peke yake.

Yamkini kijana atatetewa. Itasemwa kwamba uongo wake ni uongo wa kupatanisha, na kwamba wenye hekima wameusamehe uongo wa namna hiyo tangu kale. Utetezi huu una huruma, lakini hausimami. Uongo wa kupatanisha huwekwa kati ya watu waliogombana ili wakaribiane. Mama na mgeni hawakugombana. Walikuwa karibu kuonana kwa mara ya kwanza, na neno la kijana liliwatenga. Alifunga mlango kwa upole, lakini aliufunga. Tena aliwadharau wote wawili bila kukusudia: mama, kwa kudhani hawezi kustahimili jibu, mgeni, kwa kudhani hastahili kuulizwa.

Na kama angefasiri sawasawa, ingekuwaje? Mgeni angeona haya kidogo, na haya hiyo ingekuwa jambo la kwanza la kweli lililompata asubuhi ile. Angelazimika kujibu. Angeweza kusema kwamba kwao ndizi haitiwi katika supu, na kwamba ulimi wake umeshituka ila chakula hakina kosa. Mama angeweza kucheka na kumwambia kwamba mtori haujulikani kwa kijiko kimoja. Au angeweza kununa, maana ana haki ya kununa. Kwa vyovyote wangekuwa watu wawili. Waswahili husema mwonja asali haonji mara moja, na aghalabu husemwa kwa kuonya. Lakini kuna upande wake mwingine, kwamba lililo jema halikupi siri yake mara ya kwanza.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika andiko lake la mwaka 1795 juu ya amani ya milele, alitenga haki mbili ambazo watu huzichanganya. Iko haki ya kuzuru, ambayo kila binadamu anayo kwa kuwa dunia ni moja na watu wote wanaishi juu yake: afikapo nchi ya wengine asitendewe kama adui. Na iko haki ya kuwa mgeni wa nyumba, ambayo hakuna anayezaliwa nayo. Hiyo hutoka katika mapatano ya hisani kati ya mwenyeji na anayekuja. Mtu anayetoka Soweto asubuhi kwenda sokoni ana haki ya kwanza kamili, na hapana anayeweza kumnyang'anya. Kosa huanza anapodhani kwamba fedha alizolipa zimemnunulia haki ya pili. Fedha zimemnunulia miguu ya kiongozi, muda wake, na vyakula. Zile hisani hazikuwamo katika hesabu. Zikija, zimekuja zenyewe, na kitu kilichokuja chenyewe hakilipwi kwa fedha zilizokwisha kutolewa.

Wajibu wa mgeni, basi, si mkubwa, lakini si wa kuachwa. Na aombe kidogo ili akimalize, kuliko kupewa kingi ili akiache. Na aulize jina la chakula kabla ya kukipiga picha, na ruhusa ya mpishi kabla ya kumpiga picha yeye. Na anunue kitu, ijapo mkungu mdogo wa kisukari, kwa bei ya sokoni na kwa mkono wake mwenyewe, ili kuonja kwake kurudi kuwa mlango kama kulivyokuwa. Zaidi ya yote, akubali kwamba anaweza kukataliwa. Mahali ambapo mtu hawezi kuambiwa hapana, hata ndiyo anayoambiwa haina thamani.

Wajibu wa kiongozi ni mzito zaidi, kwa kuwa ameshika masikio ya watu wawili. Yohani Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipopanda Kilimanjaro mwaka 1889. Na tangu siku hizo watu wa mlima huu wanajua kwamba anayeongoza hubeba dhamana ya roho za wanaomfuata. Kiongozi wa soko habebi dhamana ya roho, bali ya heshima, nayo huvunjika kwa kimya kuliko mfupa. Asikitie chumvi chakula cha watu kwa maneno ya ajabu ili kimshangaze mgeni. Asiseme kwamba Wachaga wote hula hivi kila siku, ilhali mwenyewe alfajiri amekunywa chai na mkate. Afasiri maswali pamoja na majibu. Tena fedha alizopokea kwa ajili ya wengi azifikishe kwa wengi. Maana akimlipa mama lishe bei ya bakuli moja na kujiwekea bei ya tabasamu lake, ameuza kisicho chake.

Mwenyeji naye hana budi kujilinda. Asipike kwa ajili ya mgeni asichoweza kumpa mwanawe, wala asijifanye wa kale kuliko alivyo kwa sababu ukale unalipa. Ukarimu wa kuigiza humchosha mwigizaji kwanza, na siku mgeni wa kweli atakapobisha hodi huenda asiukute wa kweli umebaki.

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Mwonjaji aliyelipa bei yote bado anadaiwa, lakini hadaiwi fedha. Bei imelipia kilichoingia kinywani mwake. Hakuna bei iliyolipia swali la aliyempikia, na swali hilo litakuwa wazi mpaka lijibiwe na yule aliyeulizwa, kwa kinywa kile kile kilichoonja. Bakuli lilikuwa limelipiwa tangu Soweto, kabla mtori haujaiva. Jibu la mgeni ndilo ambalo mama lishe alikuwa bado analingoja, akiwa amesimama na mwiko mkononi, wakati wao walipokuwa wamekwisha kufika kwenye kibanda cha tano.